Khaman Maluach bado kabisa, na pointi tatu sio pa kuanzia

Naona watu wanampima Khaman Maluach, senta (yule mrefu anayecheza karibu na ringi) wa Phoenix Suns kwenye NBA, ligi kuu ya basketi Marekani, kwa dakika chache anazopata pale na kwa kweli inaniuma, maana huyu dogo ni wa kwetu kabisa, kazaliwa Rumbek Sudan Kusini mwaka 2006, kakulia Kampala, Kawempe huko, alikua anapiga zake soka kama watoto wengine wote na basketi kaja kuishika akiwa na miaka kama 13 hivi. Sasa piga hesabu. Mtu kaanza 2019, mwaka 2021 yuko NBA Academy Africa, shule ya basketi ya NBA kule Saly Senegal, 2023 ana miaka 16 yuko Kombe la Dunia na timu ya taifa, 2024 yuko Olimpiki ya Paris, unakuja msimu mmoja wa chuo kikuu cha Duke Marekani na Juni 2025 anachaguliwa namba 10 kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya. Ni miaka sita tu hiyo. Wengi anaokutana nao NBA wameanza kudunda mpira kabla hata hawajaanza shule, so ukimuona anachelewa kidogo kujua asimame wapi usikimbilie kusema hana akili ya mchezo, hajaucheza muda wa kutosha basi.

Mwili sitauzungumzia sana. Ana mita 2.18 na akinyoosha mikono inafika kama mita 2.30, na kwa urefu huo anakimbia vizuri na miguu yake sio mizito. Hivyo havifundishwi. Mi nataka tuongelee vinavyofundishika.

Kila mtu anaanza na pointi tatu, eti akiweza kutupa kutoka nje basi tumepata senta wa kisasa. Pale Duke alijaribu 16 msimu mzima zikaingia 4. Ni chache mno kusema chochote, iwe kizuri au kibaya, na mimi kinachonipa matumaini kipo kwingine kabisa, kipo kwenye mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa faulo, unasimama mstarini hakuna anayekuzuia. Alifunga zaidi ya asilimia 75, na kwa senta aliyeanza juzijuzi hiyo ni taarifa kubwa sana. Mkumbuke DeAndre Jordan, senta wa NBA, msimu wa 2014-15, mitupo ya kawaida alikua anafunga asilimia 71 kwa sababu karibu kila kitu ni danki, yaani kuushindilia mpira kwenye ringi, halafu akienda kwenye mstari ni asilimia 39.7, yaani timu pinzani zinamchezea faulo makusudi. Maluach nae Duke alifunga asilimia 71 ya mitupo yake na nyingi zilikua danki pia, ila akisimama kwenye mstari peke yake mpira unatoka laini mkononi, kiwiko kimenyooka, haraka hana. Mwenye mkono huo pointi tatu zitamjia tu. Brook Lopez, senta mwingine, misimu yake minane ya kwanza NBA alifunga pointi tatu 3, narudia, tatu jumla, halafu msimu wa 2016-17 peke yake akafunga 134. Kwahiyo haraka ya nini?

Mimi ningeanza na ribaundi, kuudaka mpira mtupo ukikosa. Tarehe 5 Aprili 2025 kule San Antonio, nusu fainali ya vyuo, Duke wanaongoza kwa pointi 14 dhidi ya Houston na wanaishia kufungwa 70-67, na Maluach alicheza dakika 21 bila kupata ribaundi hata moja. Sifuri! Mtu mrefu kuliko wote uwanjani. Niliirudia ile mechi na nilichokiona ni miguu. Mtupo ukienda juu yeye anageuza shingo anaufuata mpira kwa macho, ananyoosha mikono akiamini urefu utamalizia kazi, wakati wale jamaa wa Houston, wafupi kwake ila wapana na wagumu, hawana habari na mpira kwanza, wao wanamtafuta yeye, wanainama, wanamwekea mgongo kwenye mapaja na kumsukuma hadi chini kabisa ya ringi, na mtu akishakuweka hapo hata uwe na mikono ya mita tatu mpira unakupita juu unaenda kwa wengine. Watu wakasema apige chuma aongeze kilo. Sawa aongeze, miaka 19 mwili bado unajengeka, ila kilo bila tabia ya kugonga mtu wa kwanza hazisaidii kitu. Inatakiwa iwe kama kupumua, mtupo umetoka, tafuta mtu, mguse, magoti yainame, ndio uangalie juu. Na hilo linafundishika jamani! Linachosha, halina video ya kupost, ila linafundishika kuliko karibu kitu chochote kwenye basketi.

Kitu cha pili ni pasi, na hapa ndipo naona pamejificha hazina. Pale Duke Maluach hakufikisha hata asisti moja, yaani pasi ya kufungisha, kwa wastani wa mechi. Angalia timu ile, Cooper Flagg, Kon Knueppel, wote wana mpira mkononi, yeye kazi yake ilikua kuweka skrini (kusimama kumzibia njia beki wa mwenzake), kukimbilia ringi, kuruka na kudanki pasi ya juu. Aliifanya vizuri sana. NBA lakini mabeki wanajifunza haraka, senta wa wapinzani atabaki chini ya ringi kumsubiri, kwahiyo mpira atapewa mapema, yuko katikati kwenye mstari wa mitupo huru hivi, mbele yake kuna mtu mmoja na kwenye kona kuna mwenzake yuko peke yake. Ana kama nusu sekunde ya kuamua. Akidunda mara moja kwa urefu wake mtu mfupi ameshampokonya, akisita nafasi imefungwa. Anatakiwa awe ameshajua kabla mpira haujafika nani yuko huru. Hii huipati gym ukiwa peke yako na koni, unaipata kwa kucheza, kukosea, kukaa na kocha mkaangalia video, unarudi unakosea tena kwa namna nyingine.

Ndio maana mi sioni shida kabisa akipelekwa Valley Suns, timu yao ya G League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji. Watu wanalichukulia kama adhabu. Suns usiku uleule wa drafti walimleta Mark Williams, senta mwingine aliyepita Duke, kwahiyo dakika za juu zina mwenyewe, sasa bora akae benchi anapiga makofi au akacheze dakika 30 apewe mpira pale katikati hata mara kumi kwa mechi? Rudy Gobert, senta Mfaransa, alikua na miaka 21 alipochaguliwa namba 27 mwaka 2013, msimu wa kwanza wastani wake pointi 2.3, mitupo huru chini ya nusu, na ligi ndogo alipelekwa pia. Leo ana tuzo nne za beki bora. Simaanishi Maluach atakua Gobert, ila kwa umri ule na kwa mkono ule dogo wetu anaanzia mbele yake.

Kwenye ulinzi nina wasiwasi mdogo tu, anadanganyika na feki, mtu akijifanya anatupa yeye anaruka mapema. Hiyo itapungua yenyewe akizoea kasi. Na bloku atapata hata asiporuka, kwa mikono ile.

BAL, ligi ya basketi ya klabu za Afrika, ndiyo iliyomuonesha kwetu mapema, Cobra Sport ya Sudan Kusini 2022, AS Douanes ya Senegal 2023, City Oilers ya Uganda 2024, na ukiangalia msimu mmoja hadi mwingine utaona mtoto anayeshika anachofundishwa, kila mwaka karudi na kitu ambacho mwaka wa nyuma hakua nacho. Kwahiyo mkikaa kuangalia Suns au hao Valley Suns, acheni danki, zile anazo tangu zamani. Mtupo ukienda juu mwangalieni yeye, muone kama kamgusa mtu kabla hajaangalia mpira.