Maji Yanapita Tena Mbita
Jana nilisimama juu ya daraja la Mbita, nikiwa nimetoka Kisumu alfajiri, nikatazama maji yakipita chini yangu kuelekea Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, na nusura nilie. Katika miaka ya 1980 tuta lilijengwa hapa ili magari yafike Kisiwa cha Rusinga, likaziba mojawapo ya mikondo iliyounganisha ghuba na ziwa kuu. Nakumbuka utotoni, kabla ya daraja hili kuchukua nafasi ya tuta, maji ya kijani yaliyotuama, yenye harufu nzito, na magugumaji yaliyokwama kandokando. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kama bahari ya Mombasa, upepo ndio huyasukuma maji, hivyo kuyafungia njia kulikuwa kuinyima ghuba pumzi. Jana shada moja la magugumaji lilipita polepole kati ya nguzo, likaenda zake.