Mbele ya kaburi la Mtakatifu Sesilia

Jana nilisimama kwa muda mrefu mbele ya sanamu ya Mtakatifu Sesilia katika kanisa lake la Trastevere, Roma, iliyochongwa na Stefano Maderno baada ya kaburi la mfiadini huyo (aliyeuawa kwa ajili ya imani yake) kufunguliwa mwaka 1599 na mwili wake, kwa mujibu wa walioushuhudia, kukutwa haujaoza. Amelala ubavu, uso umegeuziwa chini, na shingoni kuna alama ya upanga. Masimulizi ya kale yanasema alikatwa mara tatu, akaishi siku tatu zaidi. Wanahistoria wanayatilia shaka mengi ya hayo, nami nawaelewa; hata hivyo, vidole vile vilivyonyooshwa, vitatu mkono mmoja na kimoja mwingine, vinavyosemekana kuungama Mungu mmoja katika Nafsi tatu, vilinigusa sana mimi mwanakwaya, kwani Sesilia ndiye mtakatifu msimamizi wa sisi wanamuziki.