Mwiko Juu ya Ungo

Mabati ya jiko la mama yangu, kule Uru juu ya mji wa Moshi, yalikuwa yametoboka. Misumari iling'oka, kutu ikala pale ilipokuwa, na kila nikipanda kumwona nilikuwa nikiahidi kuyabadilisha. Nashukuru kwamba tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa bado sijatimiza ahadi hiyo.

Siku hiyo jua lilipatwa. Rujewa, mkoani Mbeya, waliliona likibaki kama pete. Kwetu huku kaskazini lilimegwa tu, ingawa lilimegwa sana. Niliwakataza watoto wa jirani kuangalia juu, nikawaingiza jikoni.

Ilikuwa inakaribia saa sita, jua karibu na utosi. Mama alikuwa ameinjika kiburu, na moshi wa kuni ulikuwa umejaa mpaka kwenye kenchi. Katika moshi ule mwanga ulionekana wazi: kamba nyembamba nyeupe, kama kumi hivi, zimetundikwa kutoka kwenye mabati mpaka sakafuni. Na pale kila kamba ilipogusa udongo hapakuwa na duara. Palikuwa na mwezi mwandamo. Miandamo kumi, yote imeinama upande mmoja.

"Mbona matundu hayako hivyo?" mama aliuliza. Kweli, tundu moja lilikuwa la mraba, jingine mpasuko tu.

Nilikuwa nafundisha fizikia wakati huo, na swali hilo nilikuwa nimelijibu ubaoni mara nyingi, lakini sidhani kama nililielewa vizuri kabla ya siku ile. Ukitaka kumweleza mtu mwonzi mmoja wa mwanga, usimchanganye na mwingine, unahitaji kutaja mambo mawili: unapita wapi, na unaelekea wapi. Tundu dogo limeshaamua la kwanza, kwa sababu mionzi yote inapita palepale. Linalobaki ni mwelekeo. Mwonzi unaotoka ukingo mmoja wa jua unaangukia upande huu, unaotoka ukingo wa pili unaangukia ule, na sakafu inakuwa ramani ya mielekeo. Ndiyo maana umbo la tundu halikubadili kitu, na ndiyo maana upande uliomegwa ulionekana umegeuzwa kinyume na ulivyokuwa angani. Nilichukua rula ya mtoto mmoja nikapima mwandamo kutoka ukingo hadi ukingo: sentimita 2.5 hivi. Bati lilikuwa juu yetu kama mita 2.7. Kila picha ya jua inayopita kwenye tundu hupanuka hivyo, kama sehemu moja ya mia moja na kumi ya umbali uliosafiriwa.

Mama alinyamaza akikoroga. Kisha akasema, "Baba, na ile mashine walikoniingiza kichwa, nayo ni matundu?"

Mwezi wa nne, wakati wa masika, aliteleza kwenye mfereji akagonga kichwa. Hospitali moja ilimpiga picha ya CT, ile ya eksirei zinazozunguka kichwa, ikasema hakuna damu ndani, ikampa karatasi. Hakuna aliyemweleza lile duara kubwa lilimfanyia nini. Miezi mitano alikuwa amekaa na swali hilo, nami mwanawe, mwalimu, sikuwahi kumuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilishusha ungo uliokuwa ukutani, nikaweka punje ya haragwe katikati kabisa. Nikamwomba mwiko, nikaulaza juu ya ungo. "Huu ni mwonzi mmoja. Nikutajie vitu viwili tu: umeinama kiasi gani, na uko mbali kiasi gani na haragwe. Ukivijua hivyo, unaweza kuurudisha mwiko palepale hata nikiuondoa." Aliujaribu. Aliurudisha palepale.

Mashine inazunguka kichwa na kufanya hivyo maelfu ya mara, na kila mara inapima mwonzi umepungua kiasi gani njiani. Mwanahisabati Johann Radon alionyesha kwa hesabu mwaka 1917 kwamba ukiwa na vipimo vya mistari yote unaweza kurudisha kilichomo ndani. Karibu miaka 40 baadaye Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akihudumu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliianza hesabu hiyo upya bila kujua kwamba Radon alishaifanya. Nilimwambia mama kwamba mtu huyo alikuwa wa huku huku Afrika. Alifurahi kuliko nilivyotegemea.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumfundisha. Alichukua punje ya mahindi, akaitupa kwenye ungo, mbali na haragwe. Akaulaza mwiko juu yake. Akauzungusha, akaulaza tena juu yake kwa upande mwingine. Mara ya tatu tena. "Hapa umepita juu yake, na hapa, na hapa. Basi hana pa kujificha." Watoto walicheka, naye akacheka, uso wote umejaa mwanga wa mlangoni.

Miandamo sakafuni ilikuwa imeanza kunenepa. Kabla ya kula alienda kwenye chungu chake, kile kidogo kilichokaa ndani ya kikubwa na mchanga mbichi katikati, akatoa chupa ya insulini. Hakuwa na friji. Nilimwambia kwamba dawa ile nayo ilisomwa kwa mionzi. Mwanakemia Dorothy Hodgkin, kule Oxford, alipitisha eksirei kwenye fuwele ya insulini mwaka 1935. Eksirei zilitawanyika zikaacha madoa kwenye filamu, na kila doa lilimpa mwelekeo na ukali wa mwonzi tu, bila kumwambia atomu zilikaa wapi. Sisi tundu la bati lilikuwa limetupatia mahali bure. Yeye hakuwa nalo. Umbo la insulini alilitangaza mwaka 1969, na kwa miaka mingi kati ya hiyo vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo.

"Thelathini na minne," mama alihesabu. Alivitazama vidole vyake mwenyewe, akaizungusha chupa taratibu kati ya viganja kama alivyofundishwa, akavuta dawa mpaka mstari wake, akajichoma.

Kisha akaifunika chupa kwa kitambaa kibichi, akairudisha kwenye chungu, akatupakulia kiburu.