Faki Mdokozi, sehemu ya pili: mswada umefika wapi

Sura za hadithi yangu zinazotokea Tendaguru, kilima cha huku Lindi, zimeanza kukaa sawa, niziandikie kumbukumbu kabla kichwa hakijahamia kwingine.

Kwa aliyekosa sehemu ya kwanza: Faki ni mdokozi wa Kilwa Kisiwani, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Sultani huyo inasimuliwa alikuwa mkarimu hadi kumpa fakiri nguo alizovaa mwilini. Faki alimchukia kwa hilo. Utamwibiaje mtu anayegawa? Akaachana na sarafu za shaba, akatafuta kisichogawiwa, na mwishoni akamchomolea jini miaka 600.

Sehemu ya pili ni mwaka 1910. Faki yuko Lindi, amebakiwa na miaka 21, na jini keshajua anapolala.

Hapo historia yenyewe ikanipa mkono. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua Tendaguru mifupa ya dinosaria, ya miaka kama milioni 150. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mnyama mmojawapo amesimamishwa Berlin hadi leo, kimo chake mita 13 na ushei. Wengine wakiambiwa habari hizo wanawaza mifupa. Faki anawaza miaka milioni 150 iliyolala ardhini bila mlinzi.

Basi anajiandikisha upagazi, yeye ambaye hajawahi kujibebea hata ndoo ya kuogea.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya salamu. Kwa karne tano na zaidi Faki amezoea kuamkiwa. Hakuna aliye hai anayemzidi umri. Sasa amebeba mfupa wa paja, ndani yake mna mzimu wa mnyama, na adabu ni adabu: lazima atoe shikamoo. Anaitoa kwa uchungu, pale Tendaguru. Mzimu hauna haraka. "Marahaba" inaanza kutoka wakati msafara unang'oa kambi, inapita porini silabi moja moja, na Faki hawezi kuanza kuiba kabla haijakamilika, maana hata mwizi hamkatizi mkubwa. Inakamilika bahari ikiwa imeshaonekana.

Utani nimeuwekea mipaka. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, vimeacha njaa na makaburi, kwa hiyo wapagazi wangu hawachekwi. Anayechekwa ni Faki, na bwana mmoja wa Kijerumani niliyemtunga. Boheti bin Amrani, mnyapara mkuu wa uchimbaji ule, ni mtu wa kweli; mwaka 2007 dinosaria mmoja alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Sikutaka kumtilia maneno kinywani. Anapita tu kwa mbali, na Faki anamwogopa kuliko anavyomwogopa jini.

Kilichonisumbua zaidi ni mwisho. Mjadala wa kurudisha mifupa nyumbani bado upo, na rasimu yangu ilimfanya Faki airudishe kwa moyo mweupe. Fundi cherehani, jirani yangu, aliisoma huku amebana pini midomoni, akauliza, "Mwanangu, huyu katubu lini?" Jibu sikuwa nalo. Faki akitubu, kinachobaki ni hotuba, na hotuba tunazo za kutosha.

Kwa hiyo nimemrudisha kwenye udalali. Paja lilelile analiuza kwa Mjerumani, analiweka rehani kwa jini badala ya ile miaka, kisha anaugeukia mzimu na kuudai ushuru wa kulala kwenye mwili wake wenyewe. Jini anapotaka fedha mkononi, Faki anamwandikia risiti kwenye jani la mkorosho: subiri mnada. Najua stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuacha korosho ghalani na kupewa risiti akisubiri mnada, ni mambo ya zama zetu, lakini hapa Lindi hakuna mkulima atakayelalamikia kosa hilo la kihistoria.

Sasa nimekwama gatini. Kreti zinapakiwa, na Faki inabidi aamue kama anajificha ndani ya mojawapo hadi Berlin au anabaki. Akienda, nitahitaji kujua meli za wakati ule zilivyopangwa ndani. Akibaki, jini yuko pale pale kwenye ngazi, kashika jani lake, anauliza mnada ni lini. Naegemea kumpakia. Ila kwanza namwandikia mzimu kwaheri yake, na kwa mwendo ule wa kuzungumza, sura hiyo huenda ikamaliza daftari zima.