Kanisa lililoungua limesimama ukutani kwangu

Nimeshatundika! Nimemaliza sasa hivi na siwezi kutoka hapa sebuleni.

Ni Kanisa Kuu la zamani la Mtakatifu Paulo, London, lile lililoteketea kwenye moto wa mwaka 1666. Mchoro ni wa Wenceslaus Hollar, mchoraji wa karne ya 17 aliyewahi kulichora likiwa bado limesimama.

Nimeuchapisha kwenye bati la alumini. Wino unapikwa kwa joto kali mpaka unazama kwenye utando wa juu wa bati.

Nilihofia litang'aa mno, nikaliweka ukuta wa pembeni, mbali na dirisha.

Jioni jua likaingia kimshazari.

Jamani. Pale ambapo Hollar hakutia wino, bati tupu likawaka. Madirisha yote ya ukumbi wa kanisa mchoroni yakawa kama yana taa kwa ndani. Dakika tano hivi, kisha yakazima moja moja.

Koo lilinikaba.

Linalofuata nataka Paulinerkirche, kanisa la zamani la Leipzig, Ujerumani. Lilivuka Vita vya Pili vya Dunia likiwa zima, halafu serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua mwaka 1968. Hilo linaniuma zaidi ya moto.

Ninyi je, mngetundika kanisa gani lililopotea? Na mngeliweka upande upi wa mwanga?