Siku baba alipouliza kama mji uliungua

Baba yangu ni fundi mwashi wa Tanga, na mwaka niliomaliza chuo alikuja Iowa, Marekani, kwenye mahafali, ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ijumaa moja asubuhi nikamwambia baba twende mjini ukaone maduka, nikijua ni mzunguko wa nusu saa tu maana Grinnell, mji wa chuo chetu, ina watu kama elfu tisa hivi na katikati yake unaimaliza kwa miguu.

Tukaanzia Main Street. Mi natembea, yeye hatembei. Kila jengo anasimama, shingo juu, anatazama madirisha ya ghorofani, anatazama kuta zilivyoshikana, anarudi nyuma mpaka barabarani namvuta mkono, baba gari hilo. Mwisho akauliza, "Huu mji uliungua?" Nikasema sijui baba, kwani vipi? Akasema we tazama, nyumba zote rika moja, matofali ya kuchoma matupu, mji uliokua taratibu hauwi hivi, utakuta mzee hapa kijana pale, hawa walianza upya kwa pamoja na kuna kitu walikiogopa.

Miaka minne napita hapo, sijawahi kujiuliza.

Tukafika kona ya Fourth Avenue na Broad, kwenye ile benki aliyochora Louis Sullivan, mchoraji majengo maarufu wa Marekani, ya 1914. Ukuta umetulia kama sanduku, halafu juu ya mlango kuna duara kubwa la kioo cha rangi limezungukwa na nakshi za udongo wa kuchoma, miraba na duara zimepandana, na simba wawili wa dhahabu wenye mabawa mlangoni. Nilidhani atashangaa simba. Wala! Alienda ubavuni akaweka kiganja ukutani, akaanza kunionesha tofali moja moja, hili kahawia, hili jekundu lililoiva sana, hili linaelekea zambarau, akasema huyu aliyepanga hapa hakuwa anaokota tu kwenye rundo, alikuwa anachagua.

Siku hizi mle ndani ni ofisi ya chama cha wafanyabiashara wa mji, mama mmoja akatuona akatukaribisha vizuri sana. Baba akaniambia muulize moto kwanza. Nikauliza. Yule mama akasema ndiyo, 1889, uliteketeza sehemu kubwa ya maduka, na miaka saba nyuma yake, 1882, kimbunga kilishaupiga mji kikaua watu wengi. Nikamtafsiria baba, akavua kofia. "Miaka saba tu?" Akakaa kimya kidogo, halafu akasema sasa muulize mafundi waliojenga hii benki majina yao yameandikwa wapi.

Yule mama akamtaja Sullivan. Baba akasema hapana, huyo mchoraji, mi nauliza walioshika mwiko. Yule mama akasema kwa upole hayajui.

Tulipotoka baba akarudi tena ubavuni, akapitisha kidole gumba kwenye simenti kati ya matofali, taratibu, kutoka upande mmoja hadi alipofika, akaugonga ukuta kwa kiganja mara mbili.

"Pole na kazi, fundi," akasema.