Nilivyohamia Linux Mint kwenye laptopu ya steshenari

Nina steshenari Mbagala. Nachapa barua, naprinti CV, natoa kopi. Kutwa nzima flashi za wateja zinaingia kwenye laptopu yangu, nyingine na virusi vyake. Nilikuwa naipeleka kwa fundi Kariakoo apige Windows upya, wiki mbili haziishi mafolda yanageuka njia za mkato (shortcut). Safari ya mwisho kazi za mwezi mzima zilipotea. Iliniuma sana.

Nikaamua kujaribu Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Nilichukua toleo la Xfce, kwa kuwa RAM yangu ni GB 4 tu na Xfce ni jepesi. Mfumo wenyewe ni bure, ila faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo andaa bando. Nililiandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher. Flashi hiyo inafutwa yote, usitumie yenye vitu vyako.

Kilichonitoa hofu ni kwamba Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nilikaa nayo hivyo jioni mbili nikipima sauti, kibodi na printa. Vyote vikakubali. Waifai ndiyo iligoma, haikuonekana kabisa, na hapo nilitaka kuacha. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikaruhusu igawe intaneti, ikashika papo hapo. Basi nikahamisha mafaili yote kwenye diski ya nje, nikajaza betri umeme usije ukanikatikia katikati, nikasakinisha. Baadaye, simu ikiwa bado kwenye waya, nikafungua Driver Manager ya Mint, ikaleta dreva, yaani programu ya kuendesha waifai. Nikawasha upya, kazi imekwisha.

Kwa kuchapa natumia LibreOffice. Nyaraka za wateja za Word zinafunguka, ila mpangilio huweza kuyumba, hasa majedwali. CV ya kuprinti sasa naomba waje nayo ikiwa PDF.

Juzi alikuja mdada wa chuo, karibu alie. Flashi ina utafiti wake, kila kompyuta inaonyesha njia za mkato tupu. Nikaichomeka kwangu. Kirusi kile huyaficha mafaili kwa alama ambayo Linux haiijali, kwa hiyo folda lake lilikuwa pale pale, limekaa pembeni ya zile za bandia. Akainama kwenye kioo. "Kaka, hilo hapo! Sura ya nne ipo?" Nikafungua. Ilikuwepo.